Kukaanga Samaki wa Rojo Nyumbani: Maji Yana Mahali Pake

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa Kaunti ya Kwale katika mafunzo ya upishi na usalama wa jikoni



Katika fuo za Kwale, kuanzia Vanga na Shimoni hadi Gazi, Msambweni na Diani, mashua na ngalawa zikirudi kutoka baharini husubiriwa na wanunuzi wa namna mbili. Wa kwanza ni tajiri, mwenye friji na gari, ambaye huchukua samaki wakubwa na kuwapeleka hotelini au Mombasa. Wa pili ni mama karanga. Huyu hununua wale wadogo, tafi, pono, changu wa kiganja na simu, akawapara, akawakaanga siku iyo hiyo, na jioni akawauza kijijini au kando ya barabara. Jina lake limetokana na kazi yake, na kazi yake imetokana na jua. Samaki mbichi asiye na barafu hamalizi siku katika joto la Pwani. Aliyekaangwa akakauka vyema anaweza kupakiwa kwenye beseni, akapanda matatu, akafika Kinango akiwa bado analika.

Kwa hiyo hakuna mtu wa Kwale anayehitaji kufundishwa kukaanga samaki. Mazungumzo ya leo yanahusu jambo dogo zaidi ndani ya hilo: samaki wa minofu aliyechovywa kwenye rojo la unga, akakaangwa nyumbani, na ganda lake likatoka kavu, la dhahabu, linalovunjika kwa sauti mtu anapouma.

Wengi hujaribu na kukata tamaa. Kipande kinatiwa kwenye mafuta kikiwa kimevaa vizuri, kinatoka upande mmoja kikiwa uchi na upande mwingine kikiwa na unga uliolowa mafuta kama sponji. Nusu ya rojo imebaki chini ya karai ikiungua. Watoto wanakula kwa sababu wana njaa. Mafuta yaliyonunuliwa kwa kupima dukani yameisha kwa mlo mmoja, na mama anaapa kwamba samaki wa rojo ni chakula cha hoteli.

Si chakula cha hoteli. Kwa hakika kinafaa zaidi nyumbani, hasa wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba hivi, bahari inapochafuka na vyombo vidogo visiweze kwenda mbali. Samaki huwa haba, na bei hupanda. Nusu kilo ya mnofu ikikaangwa hivi hivi haitoshi watu sita. Ikikatwa vipande na kuvishwa rojo, hutosha pamoja na wali au ugali na mboga, na kila mtoto akapata kipande chake bila ugomvi.

Anayetazama kwa makini kosa linapotokea atagundua kwamba karibu kila mara ni la kitu kimoja, nacho ni maji. Maji yamekuwa pale yasipotakiwa, au hayakuwapo pale yalipotakiwa. Ndiyo sababu maelezo haya yatayafuata maji tangu ufuoni mpaka mezani.

Yanaanza yakiwa barafu. Rojo ni nguo, na nguo inaweza kuficha mengi. Samaki aliyeanza kuharibika akipakwa kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na manjano, kisha akafunikwa kwa unga, hatajulikana kwa pua wala kwa macho. Hapa lazima isemwe wazi: kukaanga hakumponyi samaki aliyeharibika. Jodari, nguru, vibua na simu wakiachwa kwenye joto kwa saa kadhaa, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini. Moto wa jiko huua vijidudu, lakini histamini hubaki. Aliyekula anaweza kuona uso unawaka joto na kuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, na wengine huharisha au kutapika, mara nyingi kabla ya saa moja au mbili kupita. Wengi husema, "Samaki amenikataa," wakadhani ni mzio wa maisha, kumbe samaki yule alikaa juani. Akionekana anahema kwa shida, au uso unavimba, asingojewe apate nafuu nyumbani. Apelekwe kituo cha afya.

Basi samaki atazamwe kabla hajakatwa. Jicho liwe angavu na limetokeza, lisiwe limezama na kuingia ukungu. Matamvua yawe mekundu. Nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi juu, isiache shimo. Harufu iwe ya bahari tu. Anayenunua minofu iliyokwisha kukatwa hana jicho wala matamvua ya kutazama, kwa hiyo amwamini muuzaji anayemjua, na akiona mnofu umekuwa na utelezi au unanuka kikali, auache. Safari ya kutoka ufuoni hadi nyumbani ikiwa ndefu, barafu iliyopondwa ndiyo dawa, na kipimo kizuri kwa joto la huku ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Chombo kiwe na tundu chini ili maji ya barafu inayoyeyuka yatoke. Samaki asiogelee ndani yake.

Samaki gani wanafaa? Changu mkubwa, tewa, kolekole na nguru wana mnofu mnene usiosambaratika, na ndio bora. Lakini wadogo nao wana nafasi. Pono nyama yake ni laini na ina maji mengi, hivyo apewe muda mrefu zaidi wa kukaushwa. Tafi ni mtamu sana, ila anayemtengeneza awe mwangalifu, kwa maana miiba ya mapezi yake ina sumu, na akichoma huuma kweli kweli. Aliyechomwa atie mkono katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, kwani joto huivunja nguvu sumu hiyo. Bunju, yule anayejivimbisha, si wa kuliwa kabisa, awe wa rojo au wa kupaka. Sumu yake haiondoki kwa moto.

Samaki mzima mwenye mifupa hafai sana kwa rojo. Ganda litaungua kabla nyama iliyo karibu na mfupa haijaiva. Huyo apakwe viungo, apitishwe kwenye unga mkavu tu, na akaangwe kama mama karanga anavyofanya kila siku. Kwa rojo, mnofu ukatwe vipande vya unene wa sentimita 2 hivi, vilingane, ili visiwe vingine vimeungua na vingine vibichi. Miiba iondolewe kwa kupitisha kidole polepole juu ya mnofu, hasa ikiwa watakula watoto na wazee.

Sasa maji yanatakiwa kutoka. Hapa ndipo nyumba nyingi hupoteza ganda. Samaki huoshwa kwa ndimu na chumvi, jambo jema, halafu huchovywa kwenye rojo akiwa bado anachuruzika. Rojo haliwezi kushika kitu kilicholowa. Likiingia kwenye mafuta, maji yaliyo kati ya samaki na unga hugeuka mvuke, na mvuke huo hulisukuma ganda zima likabanduka. Ndiyo ile nguo inayovuka ndani ya karai.

Vipande vioshwe, vitiwe chumvi na viungo, vikae dakika 15 hadi 20. Chumvi itavuta maji kutoka ndani, nayo yataonekana juu ya mnofu kama jasho. Yamwagwe, na kila kipande kipanguswe kwa kitambaa safi kikavu, pande zote. Kitambaa kilowe, kibadilishwe. Ndimu nyingi haina haja katika hatua hii, kwa sababu hurudisha maji yaliyokwisha kufutwa. Ikamuliwe mezani. Baada ya kupanguswa, kipande kipitishwe kwenye unga mkavu wa ngano kidogo na kukung'utwa. Unga huu hunywa unyevu uliobaki na kulipa rojo mahali pa kushika. Ni hatua ya nusu dakika, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Rojo lenyewe si kitu kigeni. Mwuza viazi karai pale Ukunda anakoroga rojo kila jioni, unga wa ngano, manjano na chumvi, na mpishi wa bajia anatumia unga wa dengu. Waingereza wamekuwa na maduka ya samaki na chipsi tangu miaka ya 1860. Wajapani wana tempura, upishi waliojifunza kwa Wareno katika karne ya 16, na hao ni Wareno wa zama zile zile zilizowaona wakijenga Ngome ya Yesu ng'ambo ya kivuko. Kila mmoja ana unga wake, lakini kinachotokea ndani ya mafuta ni kile kile.

Kwa kilo moja ya minofu, kipimo hiki kinatosha: kikombe 1 cha unga wa ngano, nusu kikombe cha unga wa mchele, kijiko cha chai 1 cha bekingi pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, manjano kidogo ya rangi, pilipili manga kwa apendaye, na kikombe 1 cha maji baridi sana, pamoja na robo kikombe pembeni ya kuongeza kidogo kidogo.

Unga wa mchele una kazi kubwa hapo. Unga wa ngano ukikutana na maji na kukorogwa hujenga utando unaonyumbuka. Ni utando huo unaofanya chapati ivutike na mkate uumuke. Katika rojo utando huo ni hasara, kwani ganda hutoka gumu la kutafuna kama ngozi, au hulainika mara tu linapopoa. Mchele hauna utando huo. Ukichukua theluthi moja ya unga wote, ganda huwa jepesi na kavu. Asiyepata unga wa mchele atumie wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kuzidishia uzito wa supu, na si unga wa ugali. Unga wa dengu pia unafaa, nao huleta ladha ya bajia na rangi yake yenyewe.

Kwa sababu iyo hiyo rojo lisipigwe kama mayai. Vitu vikavu vichanganywe kwanza, maji yamiminwe, na yakorogwe kwa uma mpaka unga mkavu usionekane. Basi. Vidonge vichache vikibaki si kitu. Mwenye mkono wenye bidii aliyezoea kukanda maandazi itabidi ajizuie. Maji yawe baridi, ya friji au yenye kipande cha barafu, kwa kuwa baridi huchelewesha utando kujengeka. Wengine hutumia maji ya gesi yasiyo na sukari badala ya maji ya kawaida. Vipovu vyake huongeza wepesi, ila si lazima, maadamu bekingi pauda ipo. Rojo likorogwe mwisho kabisa, mafuta yakiwa tayari yanapata moto. Likikaa nusu saa bekingi pauda huwa imemaliza nguvu zake ndani ya bakuli.

Uzito wake uwe kama maziwa ya mala. Kijiko kikichovywa na kutolewa, mgongo wake ufunikwe wote, na mstari ukichorwa kwa kidole usijifunge mara moja. Likiwa zito kama la viazi karai, ganda litakuwa nene na ndani yake unga mbichi. Likiwa jepesi kama maji, halitashika.

Kuhusu mafuta, kwanza chombo. Karai pana hunywa lita nzima kabla mafuta hayajafikia kina cha kufaa. Nyumba inayonunua mafuta kwa kupima haiwezi hilo, wala haina haja. Sufuria ndogo, nyembamba, yenye kina na inayokaa imara, ikitiwa mafuta yafike vidole vitatu, itakaanga vipande viwili au vitatu kwa zamu kwa nusu lita tu au zaidi kidogo. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini mafuta yatabaki kwenye chupa. Mafuta yasizidi nusu ya chombo kamwe, maana yatafura samaki watakapoingia. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani yana harufu nzuri, ila huanza kutoa moshi mapema, kwa hiyo yanafaa zaidi kwa kukaanga kidogo kwenye moto wa wastani. Kwa rojo, mafuta yaliyosafishwa, ya alizeti, mahindi au mawese, huvumilia zaidi.

Moto unaotakiwa ni wa nyuzijoto 175 hadi 185 za selsiasi. Nyumba nyingi hazina kipimajoto cha mafuta, na mama karanga hajawahi kuwa nacho. Yeye hutazama. Tone la rojo likidondoshwa, lizame kidogo kisha lipande juu mara moja likizungukwa na mapovu. Likikaa chini, mafuta bado. Likigeuka kahawia kabla ya kuhesabu tano, yamezidi. Ncha ya mwiko mkavu wa mti pia hueleza. Ikitiwa kwenye mafuta yaliyo tayari, mapovu madogo hupanda kando yake mfululizo. Mafuta yakitoa moshi, yameshapita, na yapunguziwe moto kabla ya kitu chochote kutiwa.

Ni vizuri kujua kwa nini moto ni muhimu namna hii, kwa sababu wengi hupunguza moto wakidhani wanaokoa mafuta. Rojo likiguswa na mafuta ya moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Mapovu yale ni maji yanayohama. Yakitoka huacha vijitundu, na unga unaozunguka vijitundu hivyo hukauka na kushika. Hapo ndipo ganda linapozaliwa, na bila maji ndani ya rojo lisingekuwapo. Wakati huo huo mvuke unaotoka huyasukuma mafuta nje yasiingie. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu, mvuke huwa dhaifu, ganda huchelewa kushika, na mafuta hupenya. Aliyebania makaa hulipa kwa mafuta.

Jiko la makaa halina kitufe cha kupunguza. Anayelitumia asubiri makaa yote yawe mekundu na moshi uishe, awe na koleo karibu, na aondoe au aongeze kaa moja moja. Anayetumia kuni avute kijinga nje au akisukume ndani. Vipande vitiwe vichache. Vitatu vya baridi vikiingia pamoja hushusha joto, na vinane huliua kabisa. Kila kipande kiteremshwe kikielekezwa mbali na mpishi, polepole, nusu yake ikishikiliwa kwa sekunde mbili au tatu ili rojo la chini lishike kabla halijagusa sufuria, kisha kiachiliwe. Kisiguswe kwa dakika moja na nusu. Kikigeuzwa mapema ganda huraruka. Kwa unene wa sentimita 2, dakika 4 hadi 5 zinatosha. Dalili ni kelele: mapovu hupungua na sauti hushuka, maana maji ya ganda yamekwisha. Kipande cha kwanza kivunjwe kitazamwe. Nyama iwe nyeupe isiyopitisha nuru na iachane kwa tabaka. Ikiwa bado inang'aa kama kioo katikati, vingine viongezewe muda.

Kinachotoka kwenye mafuta kikung'utwe hapo hapo juu ya sufuria. Sehemu kubwa ya mafuta huingia kwenye ganda wakati kipande kinapoanza kupoa, mvuke wa ndani unapotulia na kuyavuta yale yaliyobaki juu. Sekunde chache za kukung'uta zina thamani. Kisha kiwekwe juu ya waya au chekecheke, hewa ipite chini yake. Kikilazwa kwenye sahani bapa, au kikafunikwa kwa sahani nyingine ili kisipoe, mvuke wake mwenyewe utakilowesha, na kazi yote ya kukausha itakuwa imerudi mwanzo. Wala kisilazwe juu ya gazeti. Wino wa chapa si wa kuliwa, na karatasi huushika mvuke chini ya samaki. Jarida la kaunti nalo lisomwe kwanza, na likishasomwa bado lisifungiwe samaki.

Kilicholainika kwa kungoja wageni hurudishwa kwenye mafuta ya moto kwa dakika moja tu, kikakauka tena.

Sasa jambo ambalo halihusu ladha. Katika nyumba nyingi jiko la makaa huwekwa sakafuni au uani, na mtoto anayetambaa ana kimo kile kile cha sufuria. Mafuta ya kukaangia yana joto karibu mara mbili ya maji yanayochemka, nayo hung'ang'ania ngozi. Sufuria inayopinduliwa na mtoto inaweza kumwachia kovu la maisha, au kumuua. Kabla ya kuwasha, mpishi achore mstari kwa chaki au kwa jivu, hatua moja kubwa kuzunguka jiko, na ndani ya mstari huo asiingie mtoto, paka wala mtu anayepita kuchukua chumvi. Akiwapo mtu mzima mwingine, kazi yake iwe kumbeba mtoto mpaka mafuta yapoe. Mafuta ya moto yasihamishwe kutoka mahali hadi mahali. Leso na mikono mirefu inayoning'inia ifungwe. Jiko la makaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha, kwani hewa yake ya sumu haina harufu.

Na kabla ya kumimina mafuta, mfuniko unaoenea sufuria uwe umeshawekwa karibu na mkono. Mafuta yakishika moto, hapa ndipo maji yanapoua. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yakimwagwa huzama chini, hugeuka mvuke kwa ghafla na kuongezeka ujazo zaidi ya mara elfu moja, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Mtu asimwage maji. Asirushe unga pia, maana vumbi la unga nalo hushika moto. Asiibebe sufuria kukimbia nayo nje. Gesi izimwe ikiwa inafikika bila kupitisha mkono juu ya miali, mfuniko utelezeshwe juu kutoka upande, na sufuria iachwe imefunikwa mpaka ipoe kabisa. Kufunua ili kutazama kama moto umezima huuwasha upya. Usipozima, watu wote watoke nje na waite msaada.

Lakini mtu akiungua, maji yale yale ndiyo dawa ya kwanza. Kiungo kilichoungua kiwekwe chini ya maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili kwa saa. Pasipo na bomba, maji ya mtungini yamiminwe kwa kata polepole bila kukoma. Yasiwe ya barafu. Nguo, pete na bangili ziondolewe mapema kabla ya uvimbe, ila kilichogandamana na ngozi kiachwe. Dawa ya meno, ute wa yai, unga, asali, majivu na mafuta havipakwi. Vitu hivyo hufungia joto ndani au huleta vijidudu, na muuguzi atalazimika kuvisugua kabla ya kutibu, maumivu juu ya maumivu. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, au karatasi safi ya plastiki, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa ni mtoto, ikiwa ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo kinachokunjika, au ikiwa jeraha linazidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Hayo yasomwe tena na kila mtu nyumbani, hata wasiopika.

Mafuta yakishapoa, yachujwe kwa kitambaa safi ili makombo ya rojo yatoke, kwa sababu ndiyo yanayoungua na kuyaharibu haraka. Yawekwe kwenye chupa iliyofungwa, mbali na mwanga. Yaliyokaangia samaki yatakaangia samaki tena mara mbili au tatu, ila yasitiwe kwenye maandazi ya chai ya asubuhi, isipokuwa kwa nyumba inayopenda maandazi ya changu. Yakiwa meusi, mazito, yakitoa povu lisilotulia, yakinuka kikali au yakitoa moshi kabla ya kupata moto wa kutosha, yamekwisha. Kuyaongezea mapya hakuyafufui. Yachanganywe na jivu au vumbi la mbao na yatupwe pamoja na taka. Yasimwagwe kwenye sinki, mtaroni wala mferejini, yatakapoganda na kuziba, au kufika mtoni na baharini.

Mezani, samaki huyu hataki mengi. Ndimu ikamuliwe wakati wa kula, si kabla. Ukwaju uliopikwa na pilipili na sukari kidogo uwe kwenye kibakuli pembeni, mtu achovye kipande anachokula. Kuumwagia juu ni kulilowesha ganda lililotafutwa kwa bidii yote hiyo. Kachumbari ya nyanya, kitunguu na kabeji hukata mafuta mdomoni. Mchuzi wa nazi apewe wali.

Rojo litakalobaki lisiwekwe hadi kesho, kwa kuwa limeshaguswa na samaki mbichi. Mafuta yangali moto, vikatwe vipande vyembamba vya mbilingani, au viazi viwili vilivyochemshwa, vichovywe na vikaangwe. Watoto waliokuwa wakizuiwa nje ya mstari kwa saa nzima watakuwa wameshasikia harufu, na hivyo havitafika mezani.